Kwa nini Jangwani hujaa maji, na kwa nini watu hawaondoki

Mashabiki wa Simba wakitaka kuwaudhi wenzao wa Yanga huwaita vyura. Aliyekulia Mbeya au Bukoba anaweza kucheka bila kujua utani huo ulitoka wapi. Ulitoka mlangoni kwa Yanga wenyewe. Makao ya klabu yako pembeni mwa Jangwani, jijini Dar es Salaam, pale mitaa ya Twiga na Jangwani inapokutana, na uwanja wao wa mazoezi wa Kaunda umekuwa ukigeuka dimbwi masika baada ya masika, hadi vyura wakauzoea kuliko wachezaji. Ila Simba nao hawana pa kuchekea sana. Wekundu wa Msimbazi wamepata jina hilo kwa mtaa wa Kariakoo wanakokaa, na mtaa huo una jina la mto ule ule unaoijaza Jangwani. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zinatambiana kwa majina ya bonde moja.

Bonde hilo ndilo ninalotaka kulieleza. Kila mvua zikinyesha, taarifa ya habari hutuonyesha picha zile zile: Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, mabasi yamegeuza, watu wamekunja suruali hadi magotini, magodoro yako juu ya paa. Kisha mtangazaji anauliza swali lile lile: kwa nini hawa watu hawahami? Swali si baya, ila linaanzia katikati ya hadithi.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukakata jiji la Dar es Salaam kwa kilomita 35 hivi. Unapita Gongo la Mboto, Kinyerezi, Vingunguti, Tabata na Kigogo, ukipokea vijito njiani, kile cha Sinza kikiwa kimojawapo, kabla ya kumwagika baharini penye Daraja la Salenda. Huku juu una kingo zilizosimama na mwendo wa kasi. Ukishavuka Barabara ya Kawawa ardhi inalala, mto unapanuka na kupoteza nguvu. Hapo ndipo Jangwani. Mkono mmoja uko Kariakoo na Upanga, mkono wa pili Magomeni na Hananasif, na Barabara ya Morogoro imepita katikati.

Jina lenyewe linachekesha: mahali panapozama panaitwa jangwa. Lakini watu wa pwani wana neno jingine la ukoo huo, wangwa, yaani ile ardhi tupu ya chumvi iliyo nyuma ya mikoko, ambayo maji ya bahari huifikia wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kuiacha nyeupe yakirudi. Mikoko ya Msimbazi bado ipo, utaiona ukipita Salenda. Kwa hiyo waliopaita Jangwani, nadhani, hawakukosea hata kidogo. Walikuwa wanasema: hapa pako wazi kwa sababu maji yana haki yake hapa.

Tulichofanya tangu hapo ni kuusoma uwazi ule kama nafasi ya bure.

Wa kwanza kuutumia walikuwa wakoloni, na waliutumia kwa kuuacha ulivyo. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, na baadaye Waingereza wakaupanga mji kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika nyuma, Kariakoo, kwenye eneo lililobaki na jina la kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza. Nyuma ya Kariakoo kulikuwa na bonde, na bonde lilikuwa mwisho wa mji. Watu walipozidi, makazi ya Waafrika yalirukia ng'ambo, Magomeni. Bonde likabaki kama korongo kati ya nyumba na kazi. Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955, hatimaye aliweka makazi Magomeni, na ofisi ya TANU ilikuwa upande wa pili, Kariakoo. Kwa maneno mengine alitoka mto unapoanzia akaja kukaa unapoishia, kisha akawa anauvuka kwenda kazini kama alivyofanya kila mkazi wa Magomeni.

Baada ya uhuru wapanga mji hawakulala. Mipango mikuu ya jiji ya 1968 na 1979 iliyaacha mabonde ya mito bila majengo. Kwenye karatasi Jangwani ilikuwa salama. Shida ni hesabu iliyokuwa ikiendelea nje ya karatasi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 jijini. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikafika 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa mwendo huo hata kwa mbali, kwa hiyo sehemu kubwa ya jiji ilijengwa na watu wenyewe, kwa makubaliano ya mdomo na karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa.

Mtu anayetafuta chumba au kiwanja katika hali hiyo anapima mambo mawili tu: bei na nauli. Mwenye kibanda cha mitumba Karume, mbeba mizigo wa Kariakoo, mama ntilie anayetakiwa kuwa na moto umewaka kabla alfajiri haijapita, wote wanaamka usiku na kurudi usiku. Ukikaa Mbagala au Bunju, sehemu nzuri ya ulichopata inaishia kwenye daladala. Ukikaa Suna au Mchikichini, humo bondeni, unatembea kwa miguu. Bonde lilikuwa la bei rahisi kwa sababu linafurika, na lilikuwa na thamani kwa sababu liko jirani na soko kubwa kuliko yote nchini. Anayeishi humo hakudanganywa kuhusu maji. Ameyaweka kwenye hesabu: siku chache za tabu kwa mwaka, dhidi ya nauli ya kila siku.

Na serikali ilimsaidia kuamini hesabu yake. Waya za umeme zilishuka bondeni, na mabomba ya maji yakafuata. Serikali za mitaa zilikuwa na ofisi, mihuri na wapiga kura humo. Hananasif, upande wa Kinondoni, ilichimbiwa mifereji kwa nguvu za wakazi katika miaka ya 1990, mradi uliosifiwa sana. Viwanja vya Jangwani vyenyewe vilikuwa jukwaa la taifa: Agosti 2015 CCM ilizindua kampeni zake pale, na siku sita baadaye Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, wakazindua zao pale pale. Ukiambiwa uko mahali pasipotambulika wakati mgombea urais amekuja kukuomba kura mita mia kutoka mlangoni kwako, utakuwa na haki ya kusitasita kidogo.

Sasa maji. Wengi wetu tunalaumu takataka, na kweli chupa za plastiki na mifuko huziba makalavati. Lakini ukiondoa takataka zote kesho, Jangwani itaendelea kufurika, kwa sababu mzigo mkubwa wa Msimbazi ni mchanga.

Vilima vya Pugu vilikuwa na msitu mnene uliokuwa ukishika udongo. Msitu ulipungua kwa mkaa na mashamba, kisha vitongoji vya juu vikaja na mabati, saruji na lami. Mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi sasa inateleza yote kwa pamoja hadi mtoni. Mto ukijaa ghafla unakula kingo zake. Ndiyo maana huko juu nyumba zinaanguka mtoni ukingo ukimeguka, wakati huku chini nyumba zinafukiwa. Ni udongo ule ule: unaondoka kwenye msingi wa nyumba ya mtu wa juu na kuja kulala sebuleni kwa mtu wa Suna. Wapo wakazi ambao nyumba zao zilijengwa juu ya ardhi ya kawaida na leo unashuka ngazi kuingia, madirisha yako usawa wa goti, kwa kuwa kila furiko limeacha tope na kila mwaka mtaa umepanda kidogo. Mwenye uwezo ananyanyua msingi na kujenga kizingiti cha tofali mlangoni, na jirani yake asiye na uwezo anapokea maji ya wote wawili.

Mchanga huo huo unapanda chini ya Daraja la Jangwani. Mdomo wa daraja ukiwa umejaa nusu, maji hayana pa kupita isipokuwa juu ya barabara. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa vijiko vya kuchimba: mchanga unatolewa kiangazi, unarundikwa pembeni, na masika yanaurudisha. Kisha ipo bahari, ambayo watu wa bara husahau kuiweka kwenye hesabu. Mvua kubwa ya Pugu ikifika Salenda maji yakiwa yametoka, mto unapata njia. Ikifika wakati wa bamvua, bahari imejaa na mlango umefungwa, maji yanarudi nyuma na kusubiri. Anayeyasubirisha ni Jangwani. Mvua ya kiasi kimoja inaweza kupita kimya wiki hii na kuzamisha mtaa wiki ijayo kwa sababu ya mwezi tu.

Uchafu nao usidharauliwe, ingawa si chanzo cha furiko. Jaa la jiji liliwahi kuwa Tabata, hadi wakazi walipoishtaki halmashauri na Mahakama Kuu, katika kesi ya 1988, ikawa upande wao. Jaa likahamia Vingunguti, ambako pia ni bonde la Msimbazi. Vingunguti kuna machinjio, kuna mabwawa ya majitaka, kuna viwanda jirani. Yote hayo, yakizidiwa, yanateremka. Maji yanayoingia chumbani Mchikichini si maji ya mvua peke yake, na kipindupindu hakihitaji maelezo zaidi ya hayo.

Siku ambayo jiji lilishindwa kujifanya halioni ni Desemba 2011. Taifa lilikuwa limetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru wiki mbili nyuma. Mvua zilinyesha mfululizo kuanzia tarehe 20, kubwa kuliko zilizoonekana kwa zaidi ya nusu karne, na zaidi ya watu 40 walikufa. Waliopoteza nyumba walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya jiji, kwenye vichaka, kilomita nyingi kutoka Kariakoo. Baadhi walijenga na wako huko hadi leo. Wengine walirudi, na ukikumbuka ile hesabu ya nauli, huhitaji kumwita mtu mkaidi kuelewa sababu. Kiwanja walipewa, ila kazi ilibaki mjini.

Miaka minne baadaye ilikuja njia ya pili. Desemba 2015, kampeni zikiwa zimekwisha na viwanja vimefagiwa, alama za X nyekundu zilitapakaa kwenye kuta za bondeni na matingatinga yakaanza kazi. Sheria ilikuwepo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Waliobomolewa wengine walikwenda mahakamani, wengine walitandika turubai juu ya kifusi chao. Sina ugomvi na mita 60. Ugomvi wangu ni kwamba wakati X zinapigwa, mita chache kutoka hapo, kwenye bonde lile lile, palikuwa na jengo jipya la serikali ambalo halikupigwa X yoyote.

Ni depo ya mwendokasi. Mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria Mei 2016, na mahali palipochaguliwa kuyalaza, kuyaosha na kuyatengeneza ni Jangwani. Ni vigumu kuamini, lakini jiulize waliochagua waliona nini: eneo kubwa, tupu, kwenye njia yenyewe ya mabasi, karibu na katikati ya mji, lisilo na wa kulipwa fidia nyingi. Ni sababu zile zile za mpangaji wa Suna. Mhandisi mwenye ramani na mbeba mizigo asiye na ramani walipiga hesabu moja na kupata jibu moja. Tofauti ni kwamba mmoja aliitwa mvamizi. Maji hayakubagua: depo ilifurika mara kwa mara, mabasi yakaharibika, na kila Jangwani ilipojaa huduma ya nusu ya jiji ilisimama. Mafuriko ya Aprili 2018 peke yake, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, yaliligharimu jiji zaidi ya dola milioni 100.

Nadhani gharama hiyo ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Mafuriko yalipokuwa yakimhusu mwenye godoro tu, dawa ilikuwa kumhamisha mwenye godoro. Yalipoanza kusimamisha Barabara ya Morogoro, wakubwa waliuangalia mto wenyewe. Vijana wa vyuo na wakazi walikuwa wameshaanza kuchora mifereji na nyumba za mabondeni mtaa kwa mtaa, kupitia mradi wa Ramani Huria tangu 2015. Mwaka 2018 wahandisi, maofisa wa manispaa na wawakilishi wa wakazi walikaa vikao vya miezi kadhaa kulipangia bonde upya, na kutoka hapo ukazaliwa mradi ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, Uhispania na Uholanzi zikiongeza mkono.

Wazo lake ni rahisi kulieleza kwa jembe. Chimba mkondo wa chini uwe mpana na wenye kina. Udongo unaouchimba usiutupe, uurundike pande mbili upate matuta mapana yaliyo juu ya maji. Katikati, mto ubaki na nafasi ya kutanuka ukitaka, na kiangazi nafasi hiyo iwe bustani ya watu. Juu ya matuta ujenge mji. Daraja la zamani liondoke, lije jipya la mita 390, la kuruka bonde badala ya kulizuia. Depo ihamie Ubungo Maziwa. Huko juu Pugu, miti ipandwe na kingo zishikwe, la sivyo mchanga utakuja kujaza ulichochimba.

Kwa kihandisi sioni pa kuushambulia. Kwa mara ya kwanza mpango wa jiji unakubali kuwa maji yatakuja, na unayatengea mahali pa kukaa. Wasiwasi wangu uko kwenye yale matuta. Ardhi kavu, mpya, dakika chache kutoka Kariakoo na Upanga, yenye bustani mbele yake, haitauzwa kwa bei ya Suna. Haikuundwa hivyo, kwani thamani yake ndiyo inayotarajiwa kurudisha sehemu ya gharama. Nyumba zilizomo kwenye eneo la mradi zilitathminiwa, wenye nyumba wakalipwa fidia, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ardhi: unamlipaje mtu thamani ya ardhi ambayo sheria inasema hakupaswa kuwa nayo, na usipomlipa, anunue nini, wapi?

Tena huyo mwenye nyumba angalau ana ukuta wa kutathminiwa. Bondeni nyumba moja ina vyumba sita au nane na kila chumba kina familia yake. Mwenye nyumba anaweza kuwa anakaa Kimara. Mpangaji, ambaye ndiye aliyekuwa akinyanyua godoro, anaondoka na godoro lake.

Ng'ambo tu, Magomeni Kota, kuna mfano unaofaa kuangaliwa kwa makini. Kaya 644 za nyumba za zamani za manispaa zilitolewa kupisha ujenzi, zikakaa nje takriban miaka kumi, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa yaliyojengwa kwa ajili yao. Walirudi. Walichukua muda, walilalamika sana, lakini walirudi, na sababu kubwa ni kwamba walikuwa na orodha: majina yanayojulikana, idadi inayojulikana, ahadi yenye namba. Wapangaji wa Jangwani hawana orodha. Hakuna daftari linalosema nani alikuwa akilala chumba cha nne kwenye nyumba iliyobomolewa.

Wamekwenda wapi basi? Ukitaka kujua, usiwatafute Mabwepande. Tazama vyumba vya bei rahisi vinavyoongezeka kwenye mabonde mengine ya jiji, maana Dar es Salaam ina Mto Mbezi, Tegeta, Kizinga, Mzinga, na vijito visivyo na jina kwenye ramani yoyote. Huko viwanja vinauzwa leo kwa karatasi za mauziano zile zile, mbele ya ofisi zile zile. Vinaonyeshwa zaidi Agosti na Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na mto ukiwa mstari wa mchanga ambao mtoto anauruka. Ukipelekwa kuona kimojawapo, uliza jirani aliyekaa hapo zaidi ya miaka kumi, kisha angalia kuta za nyumba yake kwa chini. Mstari wa tope haufutiki kwa urahisi, hata ukipakwa rangi.